MTUMBA WA CHUMA ULIOZUNGUKA DUNIA

Viatu nilivyokaribia kununua juzi ndivyo vimeniletea mada ya leo.

Jumamosi nilishuka Kariakoo kutafuta viatu vya mtumba. Kijana mmoja akanishikisha pea nyeusi, zinang'aa mpaka unaona sura yako. "Chukua hizi kaka, hizi zimetembea Ulaya!" Nikazigeuza juu chini. Loh! Soli imeliwa upande mmoja kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi. Nikamwambia, "Bwana mdogo, shida ndiyo hiyo hiyo. Zimetembea mno." Tukacheka wote, bei ikashuka, na bado sikununua.

Nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani nikawa nawaza. Sisi tumezoea mtumba wa nguo, wa friji, wa gari kutoka Japani. Lakini kuna mtumba mwingine duniani, mkubwa kuliko nyumba ya ghorofa, unaouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine na kufungwa upya kama kitanda. Nao ni ile treni ya kuchezea inayopanda juu, ikashuka kama jiwe na kupinduka na watu ndani, wenyewe wanaiita rola kosta. Leo nakupa kisa cha moja tu, maana maisha yake ni sinema tosha.

Kwanza umjue fundi. Ujerumani, jimbo la Bavaria, alikuwepo mzee mmoja aitwaye Anton Schwarzkopf, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2001. Huyu bwana na mhandisi mwenzake, Werner Stengel, ndio waliofanya kitanzi cha kupindua watu miguu juu kichwa chini kiwe kitu cha kawaida. Kabla yao wengine walishajaribu. Mwaka 1895 huko Coney Island, New York, palikuwa na treni ya kitanzi cha duara kamili, basi watu wakishuka wanashika shingo kwa maumivu. Stengel akaona kosa lilipo. Chini ya kitanzi treni inakuwa na kasi kubwa, kwa hiyo kona ikiwa kali pale, mwili unakandamizwa vibaya. Akachora kitanzi chembamba juu na kipana chini, mfano wa tone la maji. Mwaka 1976 kikafunguliwa California, katika treni iliyoitwa Revolution, na mpaka leo dunia nzima inafuata mtindo huo.

Sasa tumwone mhusika wetu. Mwaka 1984 Schwarzkopf alitoa treni yenye vitanzi vitatu vilivyofuatana, jina lake Dreier Looping. Hii haikutengenezwa ikae mahali pamoja. Ilikuwa ya kusafiri. Ujerumani wana familia ambazo kazi yao, baba kwa mwana, ni kuzunguka mji hadi mji na mashine za starehe wakati wa sikukuu. Wakifika wanafunga, wateja wanajaa, sikukuu ikiisha wanafungua kila kitu, wanapakia kwenye malori na kuondoka. Dreier Looping iliishi maisha hayo zaidi ya miaka kumi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikauzwa. Ikapelekwa Malaysia, katika bustani ya starehe ya Sunway Lagoon. Huko haikukaa sana. Ikauzwa tena, safari hii Uingereza, bustani ya Flamingo Land kule Yorkshire, ikabatizwa jina la Magnum Force. Ilipofika mwaka 2005 Waingereza nao wakaichoka. Ikavuka bahari hadi Mexico, na mwaka 2007 ikaanza kazi katika bustani ya La Feria, ndani ya msitu wa Chapultepec, jijini Mexico. Ikaitwa Montaña Infinitum, baadaye Quimera. Hesabu mwenyewe: nchi nne, majina ya kutosha timu ya mpira wa meza, na chuma ni kile kile cha mwaka 1984.

Mpaka hapo kisa kinachekesha. Kuanzia hapa tuache utani.

Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2019, treni ilikuwa kazini kama siku zote. Behewa la mwisho likatoka kwenye reli. Vijana wawili wa kiume wakafa, wanawake wawili wakaumia. Watu waliotoka nyumbani kwao kwenda kucheka! Bustani ilifungwa siku ile ile na haikufunguliwa tena. Waendesha mashtaka wa jiji walitangaza kwamba uchunguzi umeonyesha matengenezo hayakufanywa inavyotakiwa, na serikali ya jiji ikawafutia wenye bustani kibali. Ilikuwa imewaburudisha wakazi wa jiji tangu mwaka 1964. Mwaka 2024 pakafunguliwa bustani nyingine pale pale, kwa jina la Aztlán.

Najua msomaji wangu wa haraka haraka ameshahukumu: "Si unaona? Mtumba huo! Wangenunua mpya." Subiri kwanza, usikimbie na hukumu mkononi.

Chukua mfano wa treni nyingine ya mzee huyo huyo Schwarzkopf. Hii ilikuwa na vitanzi viwili, ikaitwa Laser, na ilifanya kazi katika bustani ya Dorney Park, Pennsylvania, Marekani, kuanzia mwaka 1986 hadi 2008. Wamarekani walipoishusha hawakuikatakata iwe chuma chakavu. Mjerumani mmoja wa zile familia za sikukuu akainunua, akairudisha kwao, akaifanyia ukarabati, na mwaka 2009 ikaanza kuzunguka miji ya Ujerumani kwa jina la Teststrecke. Nayo mtumba. Nayo imevuka bahari. Na watu wakaipanda wakashuka salama, wakanunua soseji na kurudi nyumbani.

Kwa hiyo uzee peke yake si kosa, wala kuhama si kosa. Sasa kosa hukaa wapi?

Nikueleze jinsi mashine hizi zinavyoshikilia reli. Gurudumu la juu linabeba uzito. Gurudumu la pembeni linazuia treni isiyumbe. Na lipo la tatu, linalokaa chini ya reli, kazi yake kuzuia treni isinyanyuke ikiwa kileleni. Abiria hayaoni, yeye anapiga makelele tu. Lakini magurudumu hayo yanalika kama soli ya kile kiatu cha Kariakoo. Bolti zinalegea kwa mtikisiko. Chuma nacho kinachoka: kikikunjwa kidogo kidogo mara laki kadhaa, kinapata ufa ambao jicho halioni. Ndiyo maana mafundi wanapitisha mawimbi ya sauti ndani ya chuma, kama daktari anavyomwangalia mtoto tumboni mwa mama, wakitafuta ufa kabla haujawa msiba.

Wajerumani wana utaratibu mmoja nimeupenda. Mashine ya kusafiri haifunguliwi kwa wateja bila kitabu chake. Ndani ya kitabu hicho mna kibali, michoro, na kila ukaguzi uliofanywa. Mashine ikihama, kitabu kinahama nayo. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Mama akihamia mkoa mwingine anabeba mtoto na kadi, maana nesi mpya atajuaje ni sindano gani imeshachomwa?

Na kuna jambo lingine ambalo mimi mwenyewe nililishangaa. Unaweza kudhani mashine inayofunguliwa na kufungwa kila mara ndiyo ya hatari zaidi kuliko iliyotulia mahali pamoja. Lakini fikiria: ile ya kusafiri kila mwisho wa sikukuu lazima kila pini ipite mikononi mwa mtu. Kipande kibaya kitaonekana wakati wa kupakia, utake usitake. Iliyotulia bustanini hakuna anayelazimika kuigusa. Inahitaji mtu anayeamka asubuhi kabla ya wateja, anayeingia chini ya reli na tochi, na bosi ambaye akiambiwa "leo tusifungue" haulizi tutapata hasara kiasi gani. Huyo mtu na huyo bosi hawasafirishwi kwenye meli pamoja na vyuma. Ukinunua mashine kuukuu, hao inabidi uwatengeneze mwenyewe, na kila mwaka mashine inapozeeka kazi yao inaongezeka badala ya kupungua. Ndipo wanunuzi wengi wanapojidanganya. Wanadhani wamepata kitu kwa bei nafuu, kumbe nusu ya bei itakuja kulipwa polepole, siku hadi siku, kwa grisi na bolti mpya.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimkuta mdogo wangu wa mwisho anamsumbua mama, anataka hela ya bembea za sikukuu. Mama akaniuliza, "Wewe mwanangu unayejifanya kuandika magazetini, unasemaje, aende?" Nikamjibu, "Aende mama, lakini twende wote." Dogo akanuna, anaona namwaibisha mbele ya wenzake.

Nitakwenda naye, na kabla hajapanda nitamfuata mwenye bembea nimuulize taratibu, kwa heshima, "Shikamoo mzee, leo asubuhi nani amezikagua?" Akinitajia jina la mtu na kunionyesha alipokaza, dogo atapanda, na mimi nitapanda nyuma yake japo kichwa changu hakipendi kuzungushwa. Akinijibu, "Aa, hizi ngumu bwana, zina miaka kibao hazijawahi kuharibika," tutanunua miwa tukae chini ya mti.

Hao vijana wawili wa Mexico hawakuwa na namna ya kujua kilichokuwa chini ya behewa lao. Walilipa, wakakaa, wakafunga mikanda, wakamwamini mwenye mashine. Ndivyo sote tunavyofanya kila siku, kuanzia kwenye daladala hadi kwenye lifti. Basi wewe unayelipwa kwa kuaminiwa, awe abiria mmoja au elfu, hebu geuza kiatu uangalie soli.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.