Watu wa kile kituo ni raia sawa sisi

Ndugu zetu, tangu tuliposema kwamba tutasimama na watu wa kile kituo cha LGBT wanaofukuzwa mu nyumba, matusi tumepokea mengi. Wengine wametuandikia kwamba wanatoka mu harakati. Ni haki yao. Lakini mbele mutoke, musome kidogo.

Jina la kituo hatutaji, wala avenyi. Wao wenyewe walituomba hivyo, na munajua sababu. Ni vyumba viwili, viti vya plastiki, meza moja na boksi za kondomu. Wanaofanya kazi pale ni vijana wa muji huu: mmoja alisomea uuguzi, mwingine anasuka nywele, mwingine bado yuko chuoni. Wanapima virusi vya sida, tone la damu kwenye kidole, na jibu linatoka kabla hujamaliza kusimulia shida zako. Aliyeacha dawa wanamupigia simu. Anayeogopa kuchekwa na wauguzi hospitalini wanamusindikiza mpaka mlangoni, na wanamungojea. Mtoto aliyefukuzwa na baba yake usiku, wanamutafutia pa kulala.

Na simu yao haizimwi. Mtu aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa ya PEP ili asiambukizwe; zikipita, dawa haimusaidii tena. Mu Kongo yetu ya mashariki, nani asiyejua uzito wa hizo saa? Ile simu wanapiga hata wamama wasio na uhusiano wowote na LGBT. Hawaulizwi kitu.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada. Mu mwezi wa pili wakaruhusu dawa za sida ziendelee, lakini PrEP, ile dawa ya kujikinga kabla ya kuambukizwa, kwa pesa yao ikabaki ya wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha tu. Pale kituoni hata pesa ya transpo ikaisha. Wengi wao walibaki. Yule wa simu sasa anauza mikate asubuhi, mchana anakuja kituoni kwa miguu. Tulimuuliza kwa nini hafungi. «Kama nafunga mulango, bale banakuyaka hapa batakwenda wapi?»

Sasa mwenye nyumba amewapa siku chache watoke, eti majirani wanasema. Alipokea garanti ya miezi sita na harudishi hata faranga moja. Angemufanyia hivyo mama muuza sambaza, sisi wote tungemwita mwizi, bila kuuliza huyo mama analala na nani.

Munatuambia: sheria inakataza. Sheria gani? Mu inchi yetu hakuna kifungu kinachoazibu mtu kwa kupenda mtu wa jinsia yake. Mwaka 2013 depite mmoja alileta mswada wa kuwaazibu, haukupita. Wanaowakamata wanajificha nyuma ya kifungu cha 176, kile cha kuchafua adabu mbele ya watu, na mara nyingi shida inaishia mu pesa ya kutoka kasho. Ndoa? Katiba mu kifungu cha 40 inasema ni mwanaume na mwanamuke, na pale kituoni hakuna anayefungisha ndoa. Lakini ile Katiba munayotusomea ina kifungu cha 11 pia: binadamu wote wanazaliwa huru na sawa kwa heshima na haki. Hatukuona pameandikwa «isipokuwa hawa».

Tuseme na yetu. Ilituchukua muda. Mu mkutano wetu kamarade mmoja alisema jambo hili litatuharibia jina, na siku ile hakuna aliyemujibu. Tulinyamaza, tukapita kwa jambo lingine. Kumbe wawili wa kituo walikuwa wamekaa mule mule, wale tuliobeba nao bidoni siku ya kudai maji. Hawakusema kitu. Wiki iliyofuata walirudi kwa mkutano. Sisi ndio tulishindwa kuwaangalia machoni.

Barua ya kudai garanti tumeiandika, na wakili mmoja amekubali kuifuata bila malipo. Jumamosi wanahama. Kuna meza, makabati mawili na friji ya dawa ambayo haipaswi kulazwa. Mahali tutamwambia kila mtu peke yake. Anayekuja atuandikie mbele ya Ijumaa jioni, na kama una kamba au mkokoteni, uje nao.