Acheni kuuza mbuzi kununua stata, pimeni kwanza

Najua wengi mnasubiri makala ya viwavijeshi niliyoahidi. Itakuja. Leo nina jambo limenikaa rohoni, na msione ajabu bwana shamba kuandika habari za magari, maana mwisho wa hadithi utaona imeishia shambani.

Mwezi uliopita nilipita kwa mzee mmoja katika kata yangu kukagua mahindi. Nikayakuta ya njano, yamedumaa, wakati ya jirani yake wa mbegu ileile yamenifika kifuani. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mbolea ya kukuzia vipi?" Akanionyesha bandani kwa kidole.

Kule bandani kuna Land Rover 109, Series III ya dizeli, iliyolala zaidi ya miaka kumi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Kijana wake aliamua kuifufua ili wabebe vitunguu vyao wenyewe hadi mnadani, waachane na nauli ya Fuso. Wazo zuri kabisa. Fundi akaitwa, akasema betri imekufa. Ikanunuliwa. Ufunguo ukazungushwa, gari likalia "tak", kimya. Fundi akasema stata. Ikanunuliwa ya mtumba. Tak, kimya. Wakalisukuma kwenye mteremko mpaka likawaka, lakini betri haikuchajiwa, kesho yake imeisha. Fundi akasema altaneta. Ikanunuliwa, na chaji bado haikuingia. Mbuzi wanne wakawa wameondoka, na hao mbuzi ndio waliokuwa urea ya ekari mbili.

Nikatoa mita yangu kwenye pikipiki. Ni mita ya kawaida ya kupimia volti, ile ya bei ya chini kabisa dukani. Ncha moja nikaiweka kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili nikaigusisha kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwambia kijana apige stata. Ikasoma volti 5 na ushee. Katika gari zima, hapo haitakiwi kuzidi nusu volti. Maana yake karibu nusu ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea njiani kabla ya kufika kwenye stata. Tukaingia chini. Ule mkanda wa waya unaounganisha injini na chasi ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki nyuzi chache za kijani. Tukakwangua vyuma kwa msasa mpaka vikang'aa, tukafunga kipande cha waya mnene wa kuchomelea vyuma, tukapaka grisi juu. Stata ikazunguka mara ya kwanza. Na ile ya zamani, iliyotolewa, tulipoifunga tena nayo ikazunguka vizuri tu.

Altaneta je? Kwenye dashibodi kuna taa ndogo nyekundu ya chaji. Ufunguo ukiwashwa injini ikiwa imezimwa, taa hiyo lazima iwake. Haikuwaka, balbu yake imeungua. Kwenye altaneta za magari haya umeme wa kuiamsha hupitia kwenye balbu hiyo, kwa hiyo balbu ikifa altaneta inaweza kuzunguka siku nzima bila kutoa kitu. Tukaweka balbu ya bei ya soda. Injini ikiwa na mwendo, mita ikasoma volti 14 kwenye betri. Inatakiwa kati ya 13.8 na 14.4, basi.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Huu mtindo wa "badilisha hiki, ikishindikana badilisha kile" ni wizi, hata kama anayeufanya hajui kwamba anaiba. Ni sawa na mimi nije shambani kwako nisiangalie jani, nisimtafute mdudu, nikuandikie dawa tatu upige kwa zamu. Mngenifukuza kijijini. Mbona kwenye gari mnakubali?

Nimesikia jibu la mafundi, na lina ukweli ndani yake. Fundi mmoja aliniambia hivi: "Bwana shamba, nikimwambia mteja nimepima saa mbili nikakuta boliti yenye kutu, hanilipi. Nikimletea stata, analipa bila maneno." Hapo tumekamatwa sote. Tunalipia spea, hatulipii kichwa. Basi kubalianeni naye mapema: bei ya kupima ni kiasi hiki, hata akikuta ni boliti. Fundi asiyetaka kupima baada ya hapo, mwache aende. Na ile hoja kwamba mita ni mambo ya wasomi siikubali, kwa sababu wauza vitunguu hawa hawa wanajua kusoma mzani kuliko mimi.

Wenye magari ya kulala muda mrefu, mjue hivi. Betri iliyokaa miaka bila chaji imekufa kweli, hapo fundi hakumdanganya mzee. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6. Ikiwa 12 kamili au chini yake, ichaji kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Lakini usiifunge betri mpya kwenye gari la bandani moja kwa moja. Panya wanapenda sana maganda ya waya, na kwenye Land Rover hizi zile waya za rangi ya kahawia zinatoka kwenye betri bila kupitia fyuzi yoyote. Zikigusa chasi, ni moto.

Zima kila kitu, ufunguo utoe. Funga waya wa chanya. Upande wa hasi usifunge bado. Chukua balbu ya taa ya breki, upande mmoja ugusishe kwenye kichwa hasi cha betri, upande wa pili kwenye waya wa hasi wa gari. Balbu ikibaki giza, funga. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali, tafuta kwanza. Balbu inaumeza umeme huo, hivyo hakiungui kitu wakati unatafuta. Jambo hili ni la dakika mbili na sijawahi kumwona fundi wa kwetu akilifanya.

Wafanyabiashara mnaonunua magari ya zamani zaidi, angalieni upande uliofungwa kwenye bodi. Land Rover za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 zilifungwa chanya kwenye bodi, siyo hasi. Lenye altaneta ukiligeuzia betri, altaneta imekwenda.

Taa zinazofifia, au indiketa ikiwaka taa ya nyuma nayo inacheza, mara nyingi ni ethi ya taa yenyewe. Bodi ya Land Rover ni alumini na chasi ni chuma, na vinapokutana kwenye unyevu hulana. Fungua, kwangua, rudisha. Na kwa wenye dizeli za namna hii: plagi za joto nne zimefungwa kwa mfululizo, moja ikikatika zote zinapoa. Usinunue nne. Ipime mojamoja, ubadilishe iliyokufa.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara, na ule ufundi wa "moja kwa moja", waya mmoja mwekundu kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Waya za asili zina rangi zake: nyeupe inatoka kwenye ufunguo, kijani imepita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi. Ukizing'oa ukaweka nyekundu tupu, atakayekuja baada yako hataelewa kitu, na siku likishika moto litashika na magunia juu.

Mimi mwenyewe siyo msafi. Mwaka wa kwanza wa kazi nilimshauri mkulima wa pampu anunue betri mpya, kumbe kichwa cha waya kilikuwa kimelegea. Alinunua kwa kuniamini, na mpaka leo ananisalimu kwa ufupi.

Mahindi ya mzee yamepita muda wa kukuzia, hapo sina dawa. Vitunguu angalau vitapanda gari lake. Mita yangu nimeiacha ofisi ya kijiji kwa mtendaji. Anayeihitaji aandike jina kwenye daftari, airudishe siku hiyohiyo, na aizime akimaliza, kwa sababu betri yake ndogo nainunua mwenyewe.