Kabla ya kununua AC ya gereji, tazama juu

Nimepotea hapa majuma kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Nilikuwa vitani na gereji yangu. Leo basi hakuna habari za programu wala seva, ingawa mkisoma mpaka katikati mtaona ni ugonjwa ule ule. Nimeandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nyumba yetu iko Ngong, na nyuma yake, hatua kama ishirini hivi, kuna gereji iliyojengewa gari ambalo Mzee aliliuza zamani. Ni mita sita kwa nne. Kuta ni za mawe, mlango ni wa chuma, na juu ni mabati ya rangi ya maruni, matupu, bila dari. Niliigeuza karakana: meza ya kulehemu, kompyuta mbili, mashine ya kutoboa, rafu za vifaa. Mchana naandika programu za wateja humo, jioni mimi na mpwa wangu tunatengeneza redio, inveta na chochote wanacholeta majirani.

Wanaoijua Ngong wanajua shida. Julai, alfajiri, joto linashuka hadi nyuzi 10 au chini yake na vidole havikubali kushika bisibisi. Februari, saa saba mchana, mle ndani ni tanuri ya mikate. Nikaamua kufanya kama watu wote: nikaita muuzaji wa AC.

Akaja na kanda ya kupimia. Akapima sakafu, urefu kwa upana, akaandika kwenye kijitabu, akasema, "Boss, hii chumba ni ndogo, BTU elfu tisa inatosha kabisa." Akanitajia bei, pamoja na ya kufunga. Sitaitaja hapa, ila ningehitaji kukopa kwenye chama. Nilimsindikiza hadi langoni, na njiani nikagundua kitu kimoja: mtu huyu hakuinua macho hata mara moja. Amepima chumba cha mabati matupu kana kwamba ni sebule yenye dari na ghorofa juu yake!

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na si juu yake peke yake. Nikauliza mafundi wengine wawili kwa simu. Wote waliniuliza ukubwa wa sakafu. Hakuna aliyeuliza paa ni la nini. Jamani, hii ni biashara ya joto au ya vigae?

Hebu tufanye hesabu ambayo wao hawakufanya. Tuko karibu sana na ikweta. Jua la saa sita, anga ikiwa safi, linamwaga karibu wati 1,000 juu ya kila mita mraba. Paa langu ni mita mraba 24, kwa hiyo ni wati 24,000. Ni sawa na kupanga hita kumi na mbili za wati 2,000 juu ya paa na kuziwasha zote. Sehemu inarudishwa, sehemu inapeperushwa na upepo (na upepo wa Ngong si mchezo, KenGen wanazungushia mitambo ya umeme), lakini inayobaki inalipasha bati joto. Nilifunga vipimajoto vidogo vya DS18B20, vile vya bei ya chini, kimoja chini ya bati na kimoja mezani, nikaandika programu fupi ya kusoma kila dakika. Mchana wa jua kali bati lilikuwa likipanda hadi kuzunguka nyuzi 60.

Sasa tuseme bati lina 60 na mimi nataka chumba kibaki 28. Tofauti ni nyuzi 32. Kwa tofauti hiyo, bati tupu linamwaga ndani karibu wati 190 kwa kila mita mraba. Zidisha mara 24: unapata kama wati 4,500. Hilo ni paa peke yake, sijaweka kompyuta, sijaweka mwili wangu ambao nao ni kama hita ya wati mia moja. Na AC ya BTU 9,000? Uwezo wake wa kuondoa joto ni kama wati 2,600. Hata ya BTU 12,000 ni wati 3,500 tu. Yaani ningekopa pesa ya chama kununua mashine ambayo ingenguruma mchana kutwa, ikila tokeni, na bado ingeshindwa na paa.

Halafu chukua karatasi za polistirini, yale mapovu meupe wanayofungia televisheni, zenye unene wa sentimita tano. Ziweke chini ya bati lile lile, jua lile lile. Joto linaloingia linashuka hadi kama wati 20 kwa mita mraba. Paa zima, chini ya wati 500. Hakuna mashine, hakuna gesi, hakuna fundi wa kuja kila mwaka. Sentimita tano!

Kwetu sisi waandishi wa programu hili ni kosa tunalolijua kwa jina na sura. Mfumo unakwama, mkubwa anasema "nunua seva kubwa zaidi", seva inanunuliwa, mfumo unakwama vile vile, kwa sababu kulikuwa na ombi moja la kijinga linalosoma hifadhidata nzima kila mtu anapobofya. Hakuna aliyepima panapokwama. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni kazini. Kwa gereji yangu mwenyewe sikuona sababu ya kunyamaza.

Turudi kwenye baridi, maana hapa mambo yanakuwa mazito.

Usiku bati linafanya kinyume. Linatazama anga tupu na kupoteza joto hadi linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Ndiyo maana asubuhi mabati yanatoa jasho na kudondosha matone. Tone moja la namna hiyo lilishanilia bodi ya kompyuta ya mteja, nikailipa. Ukitaka chumba kiwe nyuzi 18 huku nje ni 10, bati tupu la ukubwa wa langu linapoteza wati 1,400 hivi bila kukoma. Watu hununua hita ya wati 2,000 na kuiwasha. Uniti moja kwangu inakaribia shilingi 30. Saa tatu za hita ni uniti sita, fanya hesabu mwenyewe kwa mwezi.

Na asiyeweza kulipa huwasha jiko la makaa.

Julai mpwa wangu alibaki karakanani usiku kumalizia inveta ya jirani. Baridi ilipomzidi akaingiza jiko, akafunga mlango, akaziba na gunia ule mwanya wa chini unaoingiza upepo. Nilikwenda kumwita chakula. Nilimkuta amekaa kwenye stuli ameegemea meza, kichwa kinamuuma, anasema maneno nusu nusu, na alipojaribu kusimama akatapika. Nilimburuta nje. Hewa ilimrudisha, tukampeleka hospitali usiku ule ule, leo ni mzima na ananicheka nikimkumbusha. Mimi sicheki. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, na inaishika hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yakishakolea na moshi kuisha, ndipo watu husema "sasa liko sawa, liingize ndani". Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa gesi hiyo kwa wingi. Nikichelewa nusu saa siku ile, sijui ningemwambia nini dada yangu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa dari ni urembo, na kwamba gereji ni ya kuwekea vitu tu, siwezi kumwitikia kwa upole. Kwa zile sentimita tano za polistirini, paa lililokuwa likipoteza wati 1,400 linapoteza kama wati 120. Kompyuta mbili na watu wawili wanatosha kulishinda! Zinabaki kuta na mlango, lakini sasa hita ndogo inatosha, au koti.

Najua mtasema nini. Mwingine atasema fungua mlango hewa ipite. Nilifanya hivyo miaka yote. Kipimajoto cha mezani kinasoma 29, si vibaya, lakini utosi unawaka, kwa sababu bati la moto linakupiga kwa mnururisho moja kwa moja, kama unavyosimama mbele ya moto wa kambi huku upepo baridi unakupiga mgongoni. Hewa unaweza kuibadilisha, paa bado lipo. Mwingine atasema feni. Feni ni nzuri, ninayo, inakula kama wati 50. Ila ifahamike kwamba feni inampoza mtu, haipozi chumba. Ukiiacha inazunguka na wewe uko jikoni, unakipasha chumba joto kwa injini yake.

Kuna wale wa AC ya magurudumu yenye bomba moja nene. Hiyo inachota hewa ya chumba, inaitupa nje kupitia bomba, na hewa ya kufidia inaingia kutoka wapi? Chini ya mlango, kutoka kwenye jua. Inajipiga vita yenyewe. Na kuna hizi feni za maji zinazouzwa kwa jina la "AC bila gesi". Januari na Februari huku kwetu hewa ni kavu, zinasaidia kidogo ukiacha dirisha wazi. Mombasa, ambako hewa imeshiba unyevu, usipoteze pesa. Na popote ulipo, kumbuka unamwagia vyuma vyako unyevu. Kutu haisamehi.

Mkitaka kujua nilichofanya: karatasi za polistirini zilipigwa chini ya mbao za paa, na chini yake bodi za jasi, kwa sababu polistirini ikishika moto inatoa moshi mbaya mno na mimi nina grainda inayotema cheche. Asiifunge mtu bila kuifunika. Anayechomelea vyuma afadhali atumie sufi ya mawe, ambayo haiungui. Nyaya za umeme nilizipitisha ndani ya mabomba, maana plastiki ya waya ikigusana na polistirini kwa muda mrefu huharibika. Juu, pande mbili za kenchi, nilitoboa matundu nikaweka wavu, ili hewa moto iliyo kati ya bati na dari itoke. Mlangoni nikaweka mpira wa kuzuia upepo, na kwa sababu sasa chumba kinabana vizuri zaidi, jiko limepigwa marufuku kabisa, hata la kuchemshia chai. Kila kitu, na fundi wa bodi, hakikufika nusu ya bei ya ile AC.

Mpangaji asiyeruhusiwa kupiga misumari anunue ile karatasi inayong'aa kama fedha, aining'inize chini ya bati, uso unaong'aa ukitazama chini na pawe na nafasi ya hewa mbele yake. Nimeona imebanwa katikati ya bati na mbao, hewa hakuna upande wowote. Hapo umenunua pambo.

Sisemi AC ni dhambi. Mtu wa Mombasa au Kisumu anayefanya kazi na mashine zinazopata joto anaweza kuihitaji hata baada ya dari. Lakini akiisha kuweka dari, atanunua ndogo, na itapumzika. Achukue ya inveta, na aulize kama inapasha joto pia, kwa maana nyingine hupoza tu. Inayopasha joto huchota joto la nje na kulihamisha ndani, na kwa baridi ndogo kama yetu uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha joto la uniti tatu hivi. Hita ya waya inakupa moja kwa moja, basi. Ajabu ni kwamba hata hili yule wa kanda ya kupimia hakunitajia.

Tangu dari lifungwe, kipimajoto cha mezani hakijapita 28 mchana, na bati bado linafika 60 kama zamani. Linaungua peke yake huko juu.

Imebaki rangi. Bati lililopakwa rangi nyeupe safi hurudisha karibu robo tatu ya jua, maruni hunywa sehemu kubwa. Sijui nani aliwadanganya Wakenya kwamba paa la heshima lazima liwe maruni au kijivu cha mkaa. Nilimpelekea Mzee wazo hilo Jumapili, akaweka gazeti chini, akaniuliza kama nataka boma lake lionekane kama banda la kuku wa kisasa. Nimempa kipimajoto kimoja akiweke chini ya paa la stoo yake ya mahindi. Jana nilimwona akipanda ngazi kwenda kukisoma, mara ya tatu siku hiyo.