Baiskeli zisipande mlima tupu



Tangu Komite ilipotangaza safari ya baiskeli ya siku ya posho, hakuna habari nyingine katika uwanja wa shule. Ni kilomita 12 kwa njia ya Musienene na 12 kurudi, mlima juu ya mlima. Kila mwenye kupanda anatafuta watu wa kumuahidi franga kwa kila kilomita. Makuta hayo yatalipa egzameni ya Serikali kwa wenzetu ambao vita iliwafukuza upande wa Kanyabayonga mwaka 2024. Tunakaa nao benchi moja. Wasipolipiwa, watasoma mwaka mzima na kubaki inje ya mlango.

Wengine wanauliza: kwa nini mtu apande mlima ndipo mwingine atoe makuta? Desturi hii haikuzaliwa kwetu. Kule Uingereza, kwa kawaida katika mwezi wa sita, maelfu ya watu wanatoka London mpaka Brighton kwa baiskeli, kilomita 87, kwa kusaidia shirika linalopigana na magonjwa ya moyo. Karibu na mwisho wanakutana na kilima cha Ditchling Beacon, na wengi wanashuka na kusukuma. Kilima hicho kina metre 248 tu. (Sisi hapa Butembo tunalala kwenye metre 1.700 na zaidi, lakini tusiwacheke mbele hatujamaliza kilomita zetu.)

Basi safari tunaikubali. Programu ndiyo hatuikubali. Imeandikwa kwamba baiskeli ziwe nyepesi, kamioneti ifuate nyuma kwa wenye kuchoka, na huko juu tusimame kuangalia nchi na kupiga picha. Nchi ni nzuri kweli. Asubuhi ukungu unabaki chini katika mabonde, na vilima vyenye mikaratusi vinatoka juu yake kama visiwa. Lakini asubuhi ileile, katika njia ileile, kuna wababa wanaosukuma baiskeli zenye makala, ndizi na viazi kwenda sokoni. Kuna vijana wa chukudu, ile ya mbao, wanaobeba kilo mia mbili na zaidi: kwa kupanda, mmoja anashika usukani na wengine wanasukuma, kwa kushuka, wanaomba Mungu na freni. Mjini Goma chukudu ilijengewa sanamu mwaka 2009. Sisi tutawapigia kengele watupishe?

Tunasikia mbele ya wakati watakavyotuuliza: «Batoto ba masomo, muko naenda wapi na kinga mutupu?» Tutajibu nini? Kwamba tunatembea?

Sisi wa kalasi ya sita tunaomba kila baiskeli ibebe kilo 10 kwa kwenda: maharagi, chumvi, sabuni. Katika kijiji tutakapogeukia, jamaa nyingi zimepokea wakimbizi katika nyumba zao, na sufuria ni ileile. Mtu wa kilo 60 na baiskeli ya kilo 20, jumla 80. Mzigo unaongeza sehemu moja juu ya nane. Utausikia katika magoti, lakini hautakuua. Na mwenye kuahidi franga atajua kwamba tulifanya kazi.

Kamioneti ibaki. Makuta ya esanse yake yanaweza kusaidia kulipia mtu egzameni. Pikipiki moja yenye dawa inatosha. Tunajua waalimu wanaogopa mteremko, na wana haki, kwa kuwa mzigo unasukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo freni zipimwe siku ya tano mbele ya mwalimu, na mwenye freni mbaya ateremke kwa miguu.

Na wasichana? Programu imewaweka jikoni wote. Katika kalasi yetu wawili wanakuja shule kwa baiskeli kila siku, na mmoja anawaacha wavulana wengi nyuma (wenyewe wanajijua). Waandikwe kama wengine. Wavulana wasio na baiskeli watapika.

Jambo la mwisho: makuta yahesabiwe siku ya kwanza kwenye mstari, mbele ya wanafunzi wote, si katika biro.

Bwana Prefe amekubali kusikia maoni mpaka siku ya tatu. Wenye kukubali kilo 10 watoe majina kwa kapita wa kalasi yao. Kamba tunazo, mifuko kila mtu atafute yake.

Doyen wa wanafunzi, kalasi ya 6