Franco ao Tabu Ley? Tuanze kwanza na Bosco

Kila mwisho wa mwezi, mushahara ukiingia, mabishano ni ile ile mu nganda za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi: nani alifungulia wengine njia mu muziki? Huyu anasema Franco, yule Tabu Ley. Bijana banajibu Papa Wemba ao Koffi. Swali iko muzuri, lakini tunaipimaka mubaya, juu tunahesabu paka diski na majina. Kupima muzuri njo kuuliza: kama mutu huyu hangekuwako, nini ingekosekana leo?

Kwa kipimo hicho, Kinshasa iko na bakubwa. Grand Kallé na African Jazz yake balipa rumba orkestra ya kweli, na gitare ya Docteur Nico ilifundisha bapigaji mupaka Afrika ya Mashariki. Franco na OK Jazz, kuanzia 1956, alifanya gitare iseme sawa mutu. Mu 1969 Zaïko Langa Langa ilizaliwa: ikaacha matarumbeta, ikaachilia gitare na ngoma zikimbie. Ndombolo ya batoto betu inatokea mule. Hatubishe.

Lakini mabishano yetu inaanzaka Kinshasa na inaishia Kinshasa, sawa vile Katanga ilitosha paka shaba. Hapo njo tunakataa.

Mu 1952 Hugh Tracey, mwenye kuzunguka Afrika akikamata nyimbo mu mashini, alifika Jadotville, ni kusema Likasi ya leo. Kule alikuta kijana wa Bunkeya, Jean Bosco Mwenda. Gitare moja, bila umeme, bila orkestra. Vidole viwili tu vya mukono wa kuume: kidole kikubwa kinashika sauti ya chini, kidole cha pili kinaimba juu. Musikilizaji anazani batu babili banapiga. Wimbo wake «Masanga» ulisafiri mbali kuliko yeye mwenyewe. Batalamu baliuandika nota kwa nota. Mu 1969 alipiga ku festivali ya Newport, kule Marekani.

Hakukuwa peke yake. Kulikuwa Losta Abelo, na Edouard Masengo wa JECOKE, kikundi cha commune yetu ya Kenya. Bosco na Masengo balienda pia Nairobi, mu ile Kenya ingine, na bijana ya kule baliangalia vidole vyao, bakaiga. Gitare ya umeme ilipofika, ile namna ya kuachanisha sauti ya chini na ya juu haikufa. Sikiliza benga, utaisikia.

Hatuseme kama Bosco njo baba wa rumba. Rumba ilikomaa mu diski za Cuba na mu nganda za Kinshasa na Brazzaville, na mu 2021 UNESCO iliiandika kwa jina ya inchi mbili. Tunasema tu: familia hii iko na nyumba mbili, na moja ni yetu.

Na nyumba ile ilijengwa na nani? Mine ilileta batu ya Kasai, ya Rwanda, ya Rhodesia ya Kaskazini. Mu kambi za Union Minière na mu cité, Kiswahili njo iliunganisha batu, na gitare ilikuwa mwepesi kubeba. Bosco aliimba mu Kiswahili hiyo. Kumusahau ni kukubali kama babu zetu baliacha paka tani za shaba.

Bosco alikufa mu 1990, mu ajali ya gari. Bazee bale bangali banajua vidole vile banapunguka. Code minier, tangu 2018, inalazimisha kampuni kutosha 0,3 % ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya jamii. Maji, dispensere na masomo zikuje kwanza, kweli kabisa. Lakini siku ya kuandika cahier des charges, nani anakatazaka jamii kuomba pia gitare kumi na muzee mumoja wa kufundisha? Bei yake haifikie mupira mumoja wa kamyo kubwa ya mine. Radio zetu nazo zitoe saa moja kwa juma, batoto basikie.

Mabishano iendelee. Lakini mutu akiuliza nani alifungulia wengine njia, tuanze na jina ya Likasi, kisha njo tupande Kinshasa.