Siku 1,111 angani: Kononenko katua, watu wa Kilwa inatuhusu nini?

Jumatatu, Septemba 23, 2024, chombo cha Soyuz kilitua kwenye nyika za Kazakhstan kikiwa na watu watatu. Mmoja wao ni Oleg Kononenko, Mrusi wa miaka 60, aliyekuwa anatoka kazini. Zamu yenyewe ilikuwa ya siku 374 mfululizo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Ukijumlisha safari zake zote tano, jamaa ameishi angani siku 1,111. Kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kufikisha 1,000.

Sawa, sisi inatuhusu nini?

Kituo kile kipo juu kama kilomita 400, kinaizunguka dunia kila dakika 90 hivi, na njia yake hupita hata juu ya pwani ya Lindi. Kuna siku, alfajiri au baada ya magharibi, mvuvi wa Kivinje anaweza kukiona: kama nyota inayotembea bila kumetameta.

Kutoka Dar hadi Lindi ni kilomita 450 hivi. Kituo kinaumaliza umbali huo kwa dakika moja.

Sasa kumbuka Mei 2024. Kononenko akiwa huko huko juu, Kimbunga Hidaya kikaja. Mvua ikaikata barabara ya kusini pale Somanga, Kilwa. Mabasi yakakwama, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara hazikuwa na njia hiyo ya kwenda Dar.

Tahadhari ilikuwepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitangaza mapema, kwa msaada wa satelaiti za hali ya hewa, ambazo nyingine zipo mbali zaidi ya kituo hicho, kilomita 36,000 juu. Yaani macho ya angani yalifanya kazi yake. Barabara ndiyo iliyoshindwa.

Siri ya Kononenko

Wengi wanaiangalia rekodi yake kama mbio. Tazama ratiba yake vizuri. Aliteuliwa mwaka 1996, akaruka kwa mara ya kwanza 2008. Miaka 12 ya mafunzo na kusubiri!

Na huko juu kazi kubwa ni matengenezo. Desemba 2018 alitoka nje ya kituo kwa karibu saa nane, akachana kwa kisu tabaka la kinga la Soyuz ili kukagua tundu lililokuwa limevujisha hewa. Kituo hicho kimekaliwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000, na sababu mojawapo ni hiyo: kuna mtu wa kukagua, kuziba na kurudia tena kesho.

Majirani wameshaanza

Mwaka 2018, satelaiti ndogo ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kwenye kituo hicho hicho. Uganda ikafuata 2022 na PearlAfricaSat-1. Kwetu, Rais Samia alisema mwaka 2023 kwamba maandalizi ya satelaiti ya Tanzania yameanza.

Ni habari njema. Ila satelaiti itahitaji wataalamu wanaolelewa kwa muda mrefu kama Kononenko, na picha zake zitakuwa na maana zikimfikia mhandisi anayeamua upana wa kalavati la Somanga.

Manahodha wa Kilwa walilijua hili zamani. Ili jahazi liondoke na kusi, lilipakwa mafuta na kuzibwa nyufa likiwa bado nchi kavu. Aliyesubiri upepo ndipo aanze kuziba, alichelewa.

Masika yanaanza Machi. Tahadhari kutoka juu itakuja tena, hilo halina shaka sana. Swali la kumuuliza mbunge wako na TANROADS ni moja tu: pale Somanga, nani ameshakagua?