Mihadhara ya Hisabati Ifunguliwe Milango Pemba

Aghalabu mihadhara ya utafiti wa vyuo vikuu, hasa ile ya hisabati ya mitandao na ya kutafuta mpango ulio bora, hudhaniwa kuwa mazungumzo ya faragha baina ya maulamaa wachache, ilhali asili ya ilimu hiyo ni swali la wapita njia: mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kuwa haiwezekani kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, katika safari moja.

Swali la namna hiyo halitupiti sisi wa Pemba. Lau gari la kukusanya karafuu litatoka bandarini Wete, lipite vituo kumi vya ununuzi na kurejea lilikoanzia, litakuwa na mizunguko 1,814,400 ya kuchagua, hata tukihisabu mzunguko na kinyume chake kuwa kitu kimoja. Na kituo kimoja kikiongezwa, idadi hiyo huzidi mara kumi na moja. Hapo busara ya dereva, ijapokuwa kubwa, yahitaji msaada wa ilimu.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi kisiwani humu. Basi twawasihi wakuu wake waifanye mihadhara hiyo hadharani, kwa Kiswahili fasaha, na wawaalike wanunuzi wa karafuu, madereva na watu wa bandari, kwani wenye masuala ndio wenye haki ya kwanza ya kusikia majibu.